Kamasi ya Zawadi na mwaka wake wa kufunga

Watu wanapenda kuandika juu ya wakubwa wa zamani, wenye bunduki na pembe za tembo. Mi nimechoka nao. Leo ni Zawadi, muke wa Bakari, mwanamuke wa upande wa Kailo mwenye aliolewa huku Kindu, kwa Waislamu wa kwanza, miaka ya 1880 na kitu. Hakuwa mukubwa. Alikuwa na kamasi.

Si mafua ya siku mbili. Kamasi yake haikutoka puani, ilishuka nyuma, polepole, ikaingia kooni muchana na usiku. Akilala chali, kikohozi. Akiamuka, sauti imekwaruza, koo inawasha, kinywa inanuka, kipaji ya uso na mashavu nzito kama muntu amemubebesha jiwe. Harufu hakusikia tena: muhogo iliungua mbele yake mpaka jirani alikuja kupiga kelele. Na siku nzima "hrrm, hrrm", anasafisha koo. Siku hizi munganga angesema ni sinizite, ugonjwa ya ndani ya pua, angeandika dawa. Yeye alipewa majani ya kunusa, akapiga chafya, basi.

Sasa shida. Mama mukwe wake, Bi Halima, alisema tangu siku ya ndoa: hatakula chakula ya mukono wa Zawadi mpaka huyu mugeni wa dini amalize Ramadhani moja nzima. Zawadi anapika huku, Bi Halima anapika chungu yake kule. Nyumba moja, moto mbili, na wageni wanaona. Aibu hiyo njo ilimukula.

Sheria yenyewe Bi Halima alimufundisha kwa kifupi: "Kitu ikipita kooni, mufungo imevunjika. Kwisha."

Ikipita kooni! Kwa muntu mwenye koo yake njo njia ya kamasi asubuhi mpaka jioni!

Ramadhani ikafika. Zawadi akafunga, kamasi ikashuka, akaimeza hata hajajua. Hakudanganya. Alisema siku imevunjika, ataifunga tena, lakini hakugusa chakula wala maji mpaka jua lizame. Mwezi ikaisha, hana hata siku moja nzima. Akaanza kulipa. Siku za kulipa nazo zikavunjika. Akatafuta kibuyu ya kutemea, akaibeba shambani, mutoni, mpaka kwenye kinu. Anakokota makohozi toka ndani, anatema, midomo imekauka, jua kali, mupunga bado haujatwangwa.

"Zawadi, kibuyu imejaa? Tuletee tuungie mboga ya sombe!" wanawake walimucheka mutoni.

"Leteni sahani," alijibu. Hata kukasirika kulimushinda.

Bakari akamuambia, "Acha, utakufa."

"Nikikufa, mama yako atakula matanga yangu?"

Bakari akachukua jembe, akaenda shambani. Kukimbia maneno njo kazi alijua.

Ramadhani ingine ikakaribia. Alasiri moja mwalimu Waziri, mwenye alisomesha watoto Kurani, alikaa barazani kwa Bi Halima. Nyuma ya nyumba: hrrm, tfu. Hrrm, tfu.

"Sikia yule," Bi Halima akasema. "Mwaka muzima ni vile. Wageni wanakimbia."

Waziri akamuita. "Mama, una nini?"

Zawadi akaeleza yote, macho chini, kibuyu mukononi.

"Na nani alikuambia hiyo inavunja?"

Zawadi akageuza macho kwa Bi Halima. Bi Halima akaangalia mukeka.

"Yenye inashuka yenyewe ndani ya koo, hauna lawama," Waziri akasema. "Yenye unakokota mpaka kinywani kisha unaimeza, ile njo inavunja. Sasa wee unakokota kutwa! Unatafuta taabu na mikono mbili."

"Na siku zangu za Ramadhani ile?"

"Nzima."

"Zote?"

"Mama, nimesema nzima."

Wee musomaji unangoja aruke, apige vigelegele. Hapana. Alikaa chini pale pale, mifupa ya shingo inje, kama muntu ametua muzigo na hana nguvu ya kujinyoosha. Kisha akaenda kumwaga kibuyu kwenye migomba.

Jioni ile Bi Halima hakuwasha moto wake. Alikuja, akakaa, akatia mukono ndani ya chungu ya Zawadi. Radhi hakuomba. Akatafuna.

"Umeunguza tena."

"Sisikii harufu, mama."

"Najua." Akachota tena.

Inje watu wakapiga kelele: mwezi umeonekana, kesho kufunga. Zawadi akasikia kamasi inashuka. Akaiacha ipite.