Siku Niliyowataja Watoto wa Jumamosi Kanisani

Aibu yangu ilikuwa na mashahidi wengi, kwa hivyo acha nianze na waliokuwepo. Nilikuwepo mimi, Shosho wa Wambui, mkaazi wa mtaa wa Jamhuri hapa Nairobi tangu mume wangu Kamau akiwa hai. Kulia kwangu alikaa Wambui mwenyewe, mtoto wa binti yangu Njeri, anayesoma chuo kikuu hapo mjini. Mbele yetu safu mbili alikaa Mama Mghoi, Mtaita, tuko naye kikundi kimoja cha akina mama mwaka wa kumi na moja sasa. Mimbarini alikuwa Pasta Karanja, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa mtoto (mamake, Nyambura, tuliuza mboga pamoja karibu na Adams Arcade), na pembeni yake karani wa kanisa, Peninah, mwenye mwandiko mzuri. Na ile kamera inayorusha ibada kwenye simu za watu ilikuwepo pia, lakini mimi kamera sikuihesabu kama mtu.

Wambui ana kifafa. Huko chuoni, mahali penye wanafunzi wengi kama soko siku ya soko, walikuwa wametafutana wenye ugonjwa huo wakapatikana sita, wakaanzisha kikundi chao. Wanakutana Jumamosi mchana katika chumba cha orofa ya pili, na mlangoni wamebandika karatasi imeandikwa Kikao cha Jumamosi, bila kusema ni kikao cha nini. Wanafundishana mambo ambayo daktari hana wakati wa kuwaambia: utamwambiaje mwenzako wa chumbani, ukae wapi darasani ndio ukianguka usigonge kichwa, umjibu nini mwalimu anayedhani ulikuwa umelewa. Wambui alipoanguka kwenye ngazi, Njeri aliniomba niwe nikimsindikiza, nami nikaenda na hotipoti yangu ya chapati, maana siwezi kwenda kwa watoto mikono mitupu.

Siku ya kwanza mwenyekiti wao, Brian, aliniambia sheria kwa adabu sana. Humo ndani kila mtu ana jina moja tu, na linalosemwa humo halitoki. Nikakubali. Lakini mwanamke wa umri wangu anampaje mtoto chapati bila kumuuliza yeye ni wa nani? Nilisoma hadi darasa la tatu tu, kuandika kwangu ni shida, lakini jina likiingia kichwani halitoki, na hilo ndilo jambo moja ambalo watu wamenisifu maisha yangu yote. Jumamosi ya tatu nilikuwa nao wote kichwani: Brian Otieno Odhiambo wa Ugenya, Hamisi Ramadhani wa Kibera (babake fundi wa nguo), wote, na kwao, na wazazi wao.

Na Joyce Wakesho Mwadime wa Wundanyi. Huyo alikuwa akinisaidia kuosha vikombe. Siku moja tukiwa kwenye sinki aliniambia mambo yake. Babake ni mwalimu na mzee wa kanisa. Wakesho akiwa kidato cha nne aliombewa, babake akasimama mbele ya watu akatoa ushuhuda kwamba mtoto amepona, na ni kwa sababu amepona ndio akakubali aje Nairobi kusoma.

"Sijapona, Shosho," akasema. "Dawa nazificha kwa mkebe wa vitamini. Baba akijua nazimeza atazitupa, na mimi atanirudisha nyumbani."

Nikamwambia amwambie nani tena kama si shosho, kwangu limefika mwisho, halitoki.

Sasa, kanisani kwetu kuna Jumapili ya kuombea wagonjwa. Unapeleka majina, Pasta anayasoma, kanisa zima linaomba. Mimi kwa kuwapenda nikapeleka ya wote sita (hata Hamisi, ambaye ni Mwislamu, sikutaka abaki nje), Peninah akaandika yote kamili. Pasta Karanja akasoma: Brian, Joyce, Hamisi, hivyo hivyo, jina la kwanza tu, kisha akafunua ukurasa. Baadaye aliniambia alifanya hivyo kwa makusudi. Mimi nikadhani ni haraka ya chakula cha mchana. Nikajiambia akina Joyce wa Nairobi hawahesabiki, hawa akina mama watakuwa wanamwombea yupi? Nikasimama.

Wambui akanivuta sketi. "Shosho, kaa chini."

Nikadhani anaona haya kwa sababu kitambaa changu kimekaa upande. Ukiwa na umri wangu ukisimama kanisani wanajua una ushuhuda, wakaniletea maikrofoni, na mimi bila karatasi nikawataja wote sita, jina la kwanza, la pili, la baba, kijiji, kazi ya baba, na ugonjwa ni kifafa, na ni wa kile kikundi cha chuoni cha Jumamosi, na nikaongeza kwamba huyu wa mwisho kati yao ni mjukuu wangu Wambui, huyu hapa. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Nilikaa chini nikingoja Wambui anishike mkono, na Wambui alikuwa ameinama uso uko kwenye magoti. Mbele yetu Mama Mghoi alikuwa amegeuka, ananiangalia.

Baada ya ibada alinipata penye birika la chai. Akaniuliza polepole, huyo Wakesho wa Wundanyi, babake ni Mwalimu Mwadime? Nikasema ndiye. (Jina la mumewe nalijua, la watoto wake wote nalijua, lakini miaka kumi na moja sikuwahi kumuuliza kaka zake ni akina nani.)

"Huyo ni kaka yangu," akasema. "Lakini mtoto alipona. Labda umechanganya, mama, si ni umri?"

Huo mlango alinifungulia yeye mwenyewe. Ningesema ndiyo, nimezeeka, nimechanganya, na mambo yangeisha hapo kwenye chai. Lakini mimi kuambiwa nimechanganya jina, hapana, nilihisi kama nimetukanwa. Nikasema sijachanganya chochote. Halafu nikaona uso wake, nikamshika mikono nikamsihi asimwambie kaka yake habari ya dawa za kwenye mkebe wa vitamini.

"Dawa gani?"

Hapo nilikuwa nimeshasema. Na simlaumu Mama Mghoi, kwa sababu kabla hajafika kwake Hurlingham ile video ilikuwa imeshafika Wundanyi, sauti yangu mwenyewe, na kaka yake akampigia amuulize, na hakuweza kumdanganya.

Jumanne Wambui aliniamsha kwa kugonga mlango, akaniambia babake Wakesho yuko hosteli. Tukaenda. Nilitaka nipige magoti, nilikuwa nimejipanga hivyo njiani kote. Lakini Mwalimu Mwadime ni mtu mpole, aliniona akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mama, nakushukuru," akasema. "Wenzake wote walinificha. Wewe peke yako ndiye uliyesema."

Heri angenitukana. Nikamuuliza dawa ziko wapi, akasema nyumbani kwake hawatumii hizo. Wakesho alikuwa amesimama na begi lake na godoro limefungwa kamba. Nikamwita. Akaniangalia mara moja tu.

"Shosho, kwani hungesahau hata siku moja?"

Nilibeba hilo godoro upande mmoja mpaka kwenye gari, ndicho nilichoweza.

Jumamosi nilikwenda na chapati kama kawaida. Ile karatasi haikuwepo mlangoni. Brian alitoka akapokea hotipoti, akanishukuru, akaniambia wamekuja wawili tu na hawako tayari kuonana nami, akafunga mlango taratibu. Wambui siku hizi haendi tena, analala nyumbani na kunijibu ndiyo na hapana. Mama Mghoi ananiambia Wakesho alianguka jikoni kwao akaungua mkono. Nampigia Mwalimu kila wiki, anapokea vizuri, anasema mtoto anaendelea salama, halafu anaulizia afya yangu.

Nimeacha kuuliza mtoto yeyote jina la pili. Na majina ya watoto niliyoyaweka hapa, na ya wazazi wao, na ya kwao, na ya huyo shangazi yake Wakesho, si yao. Niliyatafuta siku nne, na yale ya kweli yalikuwa yakija kwanza kila mara. Wewe uliyekuwa kanisani siku ile, kama nimekosea mahali, Pasta alisema nini au nani alikaa wapi, niambie nirekebishe, sitakasirika. Lakini kwenye majina ya watoto, hata kama unayajua, niachie kosa langu kama lilivyo.