Mto Ulipopita Zamani

Mjomba aliponipigia simu mwaka jana nilikuwa barazani kwangu Bigwa, nasahihisha madaftari. "Njoo," akasema. "Wapima ardhi wanakuja Jumatano. Shamba la mtoni linataka mtu wa kuonyesha mipaka, na marehemu bibi yako alikuwa anatembea na wewe." Nilifurahi, rafiki yangu, sikufichi. Miaka yote hii nafundisha jiografia kwenye shule za watu, leo nimeitwa kusema ya kwetu! Nikapanda mlimani kifua mbele.

Kijiji chetu ni kidogo, kiko juu huko upande wa Mgeta. Mto unashuka kutoka msituni na kukikata vipande viwili, na kila upande huuita mwenzake "ng'ambo". Tambarare hakuna, nyumba zimejishikiza mteremkoni katikati ya bustani za kabichi, karoti na njegere. Nilipokuwa mtoto, ukungu wa asubuhi uliingia mpaka jikoni ukachanganyika na moshi, na sisi wajukuu tulimenya njegere huku tunapiga chafya. Kengele ya kanisa ikishanyamaza ilifuata honi ya lori la mboga la Dar, na kina mama wakakimbilia barabarani na matenga vichwani.

Kwetu Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mjomba ndiye msemaji wa ukoo, lakini shamba lile lilitoka kwa mama yake bibi, likaja kwa bibi, na lingekuja kwa mama yangu kama asingetangulia mapema. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, bibi alinichukua mimi, mjukuu wake wa kwanza wa kike, tukauzunguka mpaka. Karatasi hakuwa nayo. Alisema huku anatembea: masale haya ya kuwekea mpaka kapanda nani, jiwe hili alipumzikia nani, ni nani alifungwa watu walipogomea kuchimba matuta ya mkoloni. Mimi nilitakiwa kurudia nyuma yake. Nikikosea, tunaanza upya.

Basi nilirudia, lakini kama kasuku. Akili ilikuwa kwenye matunda damu yaliyodondoka njiani, na miguu iliwasha kwa hamu ya maji. Tukifika mtoni, mwisho wa mzunguko, nilikuwa nimechoshwa na maneno ya wazee. Nilijitosa, naye akabaki ukingoni ameshika fimbo, anaendelea kusema peke yake. Tukirudi nyumbani alinipa ndizi za kuchemsha na maharage, sahani imejaa, kama ujira wa kazi niliyoifanya vizuri. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumatano ile nilitamba. Huko juu masale yalikuwapo, jiwe lilikuwapo, na wapima ardhi wakanisifu. Tulipofika chini, mmoja akauliza, "Na huku, mama?" Nikajibu bila kufikiri, "Mpaka ni mto." Vijana wawili wa ng'ambo, majirani zetu, wakaitikia. Nao walichokijua ni mto tu. Nyanya yao alikuwa ndani, mgonjwa. Nikatia saini. Mjomba, ambaye ujana wake wote ulikwisha kiwandani huko mjini, alinitazama kwa fahari kubwa.

Miezi michache baadaye, hati zilipokwisha kugawiwa, nilivuka kwenda kumjulia hali nyanya yule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mmetuachia kaburi lenu?"

Nilidhani ni homa inasema. Lakini alikuwa mzima wa akili kuliko mimi. Akaniambia kwamba yeye na bibi walipokuwa wasichana, mvua ilinyesha siku tatu, mto ukaacha njia yake ya zamani na kupasua shamba letu katikati. Kipande kimoja kikabaki ng'ambo, na humo ndimo alimozikwa mama yake bibi, kabla hata mjomba hajazaliwa. Njia ya zamani bado inaonekana mbele ya nyumba yao, bonde dogo lililoota magugu. "Kila mwaka alikuwa anakuonyesha kwa fimbo," akasema. "Mimi nikiwatazama kutoka hapa mlangoni. Wewe ulikuwa unaogelea."

Nilimweleza mjomba. Akasema, "Tungeita mwingine, mama, lakini mwingine hatukuwa naye." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tukapanga kwenda baraza la ardhi na yule nyanya akatoe ushahidi. Kabla siku haijafika, akafariki. Sasa hakuna mtu hai aliyeuona mto ukihama, na ramani ya serikali inasema nilivyosema mimi.

Kaburi sijaliacha. Kila nikipanda likizo huvuka na panga langu, nikasimama uani kwa watu na kupiga hodi ili nikafyeke kwetu. Kijana wa pale hunipokea vizuri, tena kabichi zake amezipanda kwa kulikwepa kaburi. Mara ya mwisho alinisaidia kung'oa magugu. Tulipomaliza akajifuta mikono, akaniambia kwa heshima kwamba anataka kuchonga msalaba wa mbao, akauliza aandike jina gani.

Nikafungua mdomo kumtajia. Bibi alilitaja kila mwaka, pale ukingoni, nami silijui.