Mkono wa Marehemu Rutaihwa

Judica hakasiriki ovyo, lakini mguse baba yake utamjua.

Baba huyo, marehemu Rutaihwa, aliandika kwa brashi majina ya maduka kuanzia Nshamba hadi Kamachumu. Baa hakuandika hata moja. Pombe ilimuulia kaka yake, na wenye baa waliothubutu kumwendea walifukuzwa kama mbwa. Alipokufa, Judica, mwenye duka la kuchapa kadi pale Bilele, alizipiga picha herufi zake kwenye kuta za maduka, akazigeuza fonti ya kompyuta. Kisha akaipakia kwenye tovuti moja ya kutengenezea matangazo. Ukiandika maneno kwenye simu yako, seva yao inakuchorea picha kwa fonti uliyochagua. Tangazo la ibada ya kumbukumbu likatoka kwa mkono wa mzee mwenyewe, na ukoo mzima ukalia.

Mwezi uliofuata, akiwa Kamachumu, Judica akaona bango jipya mlangoni mwa baa: BIA BARIDI, NYAMA CHOMA. Kwa mkono wa baba yake! Damu ikamchemka. Akampigia palepale Evarist, fundi wa ile tovuti.

"Nani kawaruhusu kugawa fonti yangu?"

"Dada, ikishaingia kwenye seva inakuwa ya wateja wote. Masharti uliyakubali."

"Masharti ya nani? Yule ni baba yangu, mnamtembeza kwenye vilabu! Futa!"

"Hatuwezi kukuachia peke yako, dada. Ni iwepo kwa wote, au nifute kabisa."

"Nimesema futa!"

Ikafutwa. Judica akarudi Bilele kifua mbele, akilaani kila anayekula kwa jasho la maiti.

Asubuhi mama yake, Kokugonza, akapiga simu kutoka Nshamba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Judica, mwanangu, simu yangu imeharibika? Nimeandika kwenye ile tovuti, yametoka maandishi ya magazeti."

"Umeandika nini, mama?"



"Huwa naandika, 'Kokugonza, umeamkaje?' Halafu inakuja picha ya maneno hayo kwa mkono wake, baba yako ndiye ananiuliza. Kila siku namjibu. Leo ameniuliza mtu nisiyemjua."

Judica bado alikuwa na hasira yote ya jana, ila sasa haikuwa na wa kumpiga. Akawasha kompyuta, akaipakia fonti ile upya, akimtukana Evarist kimoyomoyo huku machozi yakimtoka, na akijua fika kwamba wenye baa nao wataipata.