Bia ya Moto ya Mzee Okelo

Mimi sinywi. Naanza hapo kwa sababu nikisema haya yalinipata ndani ya baa, watu hucheka kabla sijafika katikati. Nilikuwa kazini, nimevaa aproni, akili zangu timamu, na ulikuwa mchana.

Baa yetu ya Kisumu ni ya kampuni yenye matawi nchi nzima. Kazi wanaijua, siwasingizii. Wanatafuta baa kuukuu ambayo mwenyewe amefariki, wanainunua kwa mjane, wanang'oa kila kitu na kuweka vyao: viti vya kijani, meza ya duara dirishani, taa zilezile. Mkubwa mmoja alituambia, "Mteja akiingia tawi lolote, ajione yuko nyumbani." Tukapiga makofi. Kisha tukapewa sheria: bia zote zikae kwenye friji, na chupa zifunguliwe kaunta.

Sasa niambie, nani huku kwetu atakunywa chupa ambayo hakuiona ikifunguliwa? Lakini nilikuwa bado kwenye majaribio, na nina mtoto ninayemlea peke yangu. Nikafuata sheria.

Alasiri moja mvua ikipiga, mzee mwenye kofia ya pama aliketi dirishani. Viatu vyake vilikuwa vikavu kabisa.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "letea mimi moja ya moto. Na ufungue hapa nikiona."

Nikampelekea baridi, imeshafunguliwa. "Pole Baba, siku hizi ni baridi tu."

Akaisukuma. "Hii si yangu. Yangu iko chini ya ngazi."

Nilimwogopa meneja, lakini huyu nilimwogopa zaidi. Nikaenda. Nyuma ya mbao mpya mkono wangu ukagusa chupa moja, vumbi tupu, ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Nikaifungua mbele yake. Alikunywa, akafumba macho, akacheka polepole. Niligeuka kidogo tu kufuta meza ya jirani. Kurudi, kiti kitupu. Chupa imejaa, tena imefungwa. Na kizibo nilichokuwa nimeking'oa bado kilikuwa kiganjani mwangu, niamini.

Mama Atieno, mpishi aliyebaki kutoka baa ya zamani, alipoiona chupa ile samaki alimponyoka.

"Nani amekuonyesha chini ya ngazi? Hiyo ni mahali ya Mzee Okelo, mwenye hii baa! Yeye hakunywa baridi hata siku moja. Na si tulimzika kwao Asembo? Mimi ndio nilipika hiyo matanga!"

Nililia kama mtoto. Nikaomba uhamisho, wakanipeleka Nakuru. Nikajiambia, mzimu wa Kisumu si utabaki Kisumu? Nikaingia kazini: viti vya kijani, meza ya duara dirishani, taa zilezile. Hata aproni sikumaliza kuifunga.

"Nyara. Ya moto."

Baadaye nilihamia Thika. Alinitangulia. Kuacha kazi siwezi, mtoto atakula nini? Basi kila tawi huwa naficha chupa moja chini ya ngazi, na siku meneja akiiona nimekwisha. Usingizi wangu umekuwa wa kushtukashtuka.

Kwa hiyo wewe, ukiingia baa hizo ukute meza ya dirishani ina chupa ambayo haijafunguliwa na hakuna mtu, keti kwingine. Usiiguse, na usimwite mhudumu airudishe kwenye friji. Walisema mteja ajione yuko nyumbani. Huyu aliwaamini.