Saa za Kwenda, Saa za Kurudi

Enzi zetu, sisi tuliolelewa huku Sosiot, hatukuwa na saa mkononi, lakini usidhani tulikuwa na ruhusa ya kuchelewa. Mama yangu hakumwamini mtu yeyote kuhusu muda. Akikutuma dukani, alitema mate chini na kukuambia uwe umerudi kabla hayajakauka. Akikutuma kusaga mahindi, ukirudi hakuuliza ulipitia wapi. Alitumbukiza mkono ndani ya unga. Ukiwa bado na moto wa mashine, ulikunywa chai yako kwa amani. Ukiwa umepoa, uchunguzi ulianza: magoti yana tope la wapi, mdomo unanuka mapera ya nani.

Aliyeshikwa mara nyingi ni kaka yangu Weldon. Siku moja tulicheza mpira wa makaratasi mpaka tukajisahau, naye akauanika mfuko wa unga juani, juu ya bati, ili upate moto tena. Mama akatia mkono. Juu moto, chini baridi. Alicheka kwanza, kisha tukachapwa wote wawili.

Weldon sasa yuko New York. Alienda kusoma, akapata kazi, akapata na karatasi zote za kuishi huko, na miaka kumi na moja imepita hajakanyaga nyumbani. Kila mwaka anasema Desemba. Picha zake za likizo, akiwa ufuoni mwa nchi nyingine, tunaziona kwa simu. Mama hatumwonyeshi.

Jumapili iliyopita nilikaa jikoni na mama, naye alikuwa akimenya viazi na binti yangu Chebet, wa kizazi hiki kisichoweza kufika Kaplong bila kuuliza simu njia. Mama akamwuliza New York ni umbali gani. Chebet akabonyeza, akasoma: karibu kilomita elfu kumi na mbili, kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi mpaka wa huko. Mama hakushtuka. Kilomita hazimwambii kitu, kwa hivyo akauliza muda.

"Kwenda ni kama masaa kumi na tano, gogo. Kurudi kumi na nne," Chebet akamjibu nyanya yake.

Kisu kikasimama. Njia ni moja, mama akauliza, masaa yanatofautianaje? Chebet akaeleza kwamba ni upepo wa huko juu, ndege ikija upande huu inasukumwa. Mama akaniangalia mimi, si yeye.

"Kwa hivyo kurudi ndiko karibu," alisema.

Nilimwona akipiga hesabu kimya kimya, na moyo uliniuma, kwa sababu hesabu yenyewe ni rahisi: mtu anakunywa chai huko leo, kesho anakunywa hapa.

"Hiyo simu inadanganya," akasema mwishowe. "Huko ni mbali kuliko hivyo."

Chebet alitaka kumwonyesha. Nikamkanyaga mguu, nikasema ni kweli, simu hizi hukosea, huko ni mbali sana.

Enzi zile tulimdanganya kwa dakika kumi tu na akatushika kabla hatujavuka mlango. Nazionea wivu siku hizo. Weldon alipochelewa alikuwa ng'ambo ya shamba la chai, na mama alitaka kujua ukweli wote. Safari hii alinisikiliza, akarudia viazi vyake, na hakuniuliza mara ya pili.