Ndanu Alikuja Kuchukua Majibu Yake

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nikujibu: pombe sijawahi kuonja. Na hata ningekuwa mlevi, ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumapili, jua linawaka Emali kama kawaida yake. Nilikuwa na akili zangu zote. Wenzangu wa kazi hucheka nikifika katikati ya kisa hiki. Nawe cheka ukitaka, ila nisikilize hadi mwisho, kwa sababu sahihi yangu ipo mahali ambapo mkono wangu haukufika.

Miaka ile ya mwisho ya tisini, kompyuta huku Ukambani zilikuwa za kuhesabu, na mafundi wake tulikuwa wachache zaidi. Mimi, mtoto wa Kilungu, nilitembea nimejaa maringo. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha kliniki moja ndogo ya Emali na seva iliyokuwa Kitui mjini, yaani ile kompyuta kubwa iliyotunza rekodi za wagonjwa wote wa mradi wetu. Kila jioni kompyuta ya kliniki ilipiga simu kwa modemu, ikatuma majina ya watu waliopimwa ugonjwa ule ambao wakati huo ulitajwa kwa kunong'ona. Majibu yaliingizwa na maabara huko Kitui. Kila aliyepimwa alipewa kadi ya njano yenye tarehe ya kurudi, na akishaambiwa majibu yake, aliyemwambia alitia sahihi kwenye kadi hiyo.

Sasa, laini yetu haikwenda moja kwa moja. Ilipitia kwenye kompyuta ya ofisi nyingine huko katikati, ya watu tusiowajua vizuri. Ndiyo maana niliagizwa nifunge mawasiliano: maandishi yavurugwe yakitoka Emali, yasomeke tena yakifika kwa seva peke yake, na seva nayo ioneshe cheti cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe. Bila hivyo ni kama kutuma barua bila bahasha. Nilijua hayo yote. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kutoa jasho, na laini ikifungwa ilikwenda polepole, basi nikamwambia daktari mkuu wa mradi kwamba kila kitu kiko tayari. Moyoni nikasema nitafunga wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, nikasema ijayo tena.

Mtu mmoja katika ile ofisi ya katikati akasoma, akachapisha karatasi ya majina, nayo ikafika Emali. Ilikuwa orodha ya waliopimwa tu, niamini, haikuwa na jibu hata moja. Lakini nani alijali? Emali nzima ikasema hiyo ndiyo orodha ya wagonjwa. Mmoja wa waliokuwamo ni Ndanu, mke wa mtu, muuza nyanya sokoni. Mumewe alimtoa nje siku hiyo hiyo, na wakwe wakatuma watu kwa mama yake Ndanu kudai mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Wakamba ndio wanaofunga ndoa. Mbuzi hao wakirudishwa, wewe si mke tena. Ndanu akafunga vitu vyake kwenye leso, akaingia barabara ya Mombasa bila kutazama, na lori likampiga. Ilikuwa siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Lawama zikamwangukia Sista Kalekye, muuguzi wa kliniki. Watu walisema ni mdomo wake, akasimamishwa kazi. Nilikuwepo akilia, nikampa pole. Unasikia? Nikampa pole! Hata leo nikikumbuka najichukia.

Miezi miwili ikapita. Kutuma majina kulikuwa kumesimamishwa, na Jumatatu kungeanza tena. Kwa hiyo Jumapili hiyo nilirudi kimya kimya kufunga nilichokuwa nimeacha wazi. Watu wote walikuwa kanisani. Nilisikia nyimbo kwa mbali na malori yakipunguza mwendo barabarani. Niliingia, nikafunga mlango kwa komeo kwa ndani, nikaanza.

Ufunguo wa kuvurugia maandishi nilikuwa nimeutengeneza, na cheti nilikiweka Kitui siku ya Ijumaa. Nikapiga modemu. Seva ikajibu, ikaonesha cheti chake, na kompyuta ya Emali ikakikataa: muda wa cheti hiki haujaanza. Nikatazama saa ya kompyuta. Ilikuwa nyuma, kwenye Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Nikairekebisha, nikapiga tena. Ikakataa, na saa imerudi Jumanne ile ile. Nikasema ni betri, nikaweka mpya. Ikarudi. Lakini fundi yeyote atakuambia kuwa betri ikifa, saa hurudi miaka mingi nyuma, kwenye tarehe ya mwanzo kabisa ya kiwandani. Hairudi Jumanne ya juzi juzi. Nikairekebisha mara ya nne, ikarudi pale pale.

"Fundi, nimekuja kuchukua majibu."

Niligeuka. Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, amepakata furushi la leso. Komeo sikulisikia.

"Leo ni Jumapili, mama," nikamwambia. "Sista hayuko. Kuja kesho."

"Lakini kadi inasema ni leo."

Akainuka, akaiweka mezani. Nilisoma tarehe kwanza. Ilikuwa ile Jumanne ya mwezi wa tatu. Nikatazama kompyuta, nayo Jumanne. Kisha nikasoma jina. Lilikuwa la Ndanu. Uso wa Ndanu sikuwahi kuuona, lakini habari za mazishi yake nilizijua vizuri. Wakwe walimkataa, akazikwa kwa mama yake huko Kilungu.

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Alikuwa amesimama kati yangu na mlango. Alinukia dizeli na nyanya zilizopondeka. Wala hakuwa na sura ya kutisha, na nadhani hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepanga foleni siku nyingi na bado hajakasirika.

"Ngoja nikuangalilie," nikasema. Ile njia ya zamani, ya wazi, ilikuwa bado ipo. Kwa dakika moja tu ningeisoma rekodi yake, nimpe, aende zake. Nikanyoosha kidole kwenye kibodi.

"Hiyo hapana," akasema. "Hiyo watu wanasoma."

"Hii ingine inakataa, mama. Saa imeharibika."

"Haijaharibika. Inakungoja."

"Inaningoja nifanye nini?"

"Si wewe ndio unajua."

Nilijua. Nilikuwa nimejua miezi miwili mizima, nikila na kulala juu yake. Nikaanza kulia kama mtoto, mimi mwanaume mzima. "Si Sista Kalekye aliyetoa jina lako," nikamwambia. "Ni mimi. Niliambiwa nifunge hii laini na sikufunga. Nikadanganya kwamba nimefunga."

Nilipofuta macho, saa ya kompyuta ilikuwa imesimama kwenye Jumapili, tarehe yake sahihi. Nikapiga modemu. Cheti kikakubaliwa. Maandishi yakapita yamevurugwa njia nzima, hakuna wa katikati aliyeweza kuyasoma, na rekodi ikafunguka mbele yangu peke yangu.

"Majibu yanasema huna," nikamwambia. "Huna ugonjwa, mama. Hukuwa nao."

Kisha akanisogezea kadi. "Weka sahihi basi."

Nikaweka, kwa kalamu yangu ya wino wa kijani. Akaichukua, akaikunja, akakaza fundo la furushi lake, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Sasa nirudi nyumbani gani?"

Niliinamisha kichwa. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu na komeo liko mahali pake.

Jumatatu nilikwenda Kitui nikamweleza daktari mkuu ukweli wote wa laini. Alinifukuza kazi, na alifanya vizuri. Sista Kalekye alirudishwa kazini juma hilo, na hadi leo hajanisalimia. Kisha nikapanda Kilungu, kwa mama yake Ndanu.

Nilimkuta akipukuchua mahindi. "Wakya?" akanisalimu kwa Kikamba, nami nikaitikia "Aa" kama mtoto mwenye adabu, nikakaa chini. Nilimweleza makosa yangu. Ya Jumapili sikuyagusa, ningeanzia wapi? Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akarudi na Biblia. Katikati ya Biblia alitoa kadi ya njano.

"Hii ilikuwa kwa nguo yake huko mochari," alisema. "Nimeiweka hapa mimi mwenyewe na haijatoka hii nyumba. Lakini Jumapili jioni nikifungua nisome, naona mtu ameandika. Sasa wewe ni msomi, niambie. Huyu ni nani?"

Ilikuwa sahihi yangu, kwa wino wa kijani. Nikamwambia ni yangu, nikamweleza ilivyofika pale, na nikamwambia majibu.

"Mtoto wangu alikuwa mzima," akasema. Alilisema mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na mahindi yakamwagika kwenye ungo. Nilitamani anipige. Badala yake alijifuta uso kwa leso, akaniangalia.

"Wewe uliambia watu wote bila kufungua mdomo," alisema. "Sasa enda uwaambie na mdomo. Huko kwa bwana yake. Kanisani."

Nilikwenda kanisani kwa mumewe Jumapili iliyofuata. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikasema orodha ile haikuwa ya wagonjwa, nikasema Ndanu hakuwa na kitu, nikasema aliyemtoa nje ya boma ni mimi na uvivu wangu. Jina la mtu mwingine sikulitaja. Mumewe alitoka nje bila kofia yake. Nilipomaliza, hakuna aliyesema amina.

Tangu hapo, kila mwezi wa tatu, kompyuta yoyote niliyo nayo huamka asubuhi moja ikiwa na Jumanne ile. Huwa siirekebishi. Naizima, nakaa, nangoja, na mpaka sasa hajaja mtu.

Basi wewe unayepewa majina ya watu uyabebe, iwe kwa mashine au kwa daftari, yafunge kabla la kwanza halijapita. Usijidanganye kwamba mwenye jina atakuja na makelele. Atakuja kwa upole, mchana, akuulize kitu kimoja tu. Mimi niliulizwa, na miaka yote hii bado sijapata la kumjibu.