Kasiva Akataa Mfalme Afe

Kasiva, ambaye wengi walimwita Mama Mbinya, aliuza ndengu sokoni Mbumbuni siku za wiki, na Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa. Kunyamaza hakukuwa miongoni mwa vipaji alivyojaliwa. Aliwahi kumkatiza pasta katikati ya mahubiri: Yona amemezwa tangu saa nne, sasa ni saa saba, si samaki amtapike watu waende wakale?

Mwalimu Mbaluka wa sekondari, aliyewapenda Wagiriki wa kale kuliko jamaa zake, alitunga mchezo wa huzuni kwa mtindo wao, wa mfalme anayetiliwa sumu na nduguye. Ulihitaji kwaya, akaazima ya kanisa.

"Kwa Wagiriki," aliwaeleza kwenye mazoezi, "kwaya husimama kando. Inaona yote, inalia, lakini haiingilii."

"Inajua kikombe kina sumu?" Kasiva akauliza.

"Inajua."

"Na mfalme anakunywa?"

"Anakunywa, Mama Mbinya. Uzuri uko hapo."

"Hao Wagiriki walikuwa majirani wabaya sana."

Hata hivyo aliimba. Ila kila mfalme alipoanguka, alirudi nyumbani kifua kizito. Kaka yake alikuwa ameuawa na pombe haramu kule Kabati, na matangani watu watatu walimwambia waliona mapema kwamba ile pombe haikuwa sawa. Waliona, wakanyamaza.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mfalme alikuwa Mutiso mwenye bucha, amejifunga shuka ya kitanda. Akainua kikombe. Kwaya ikaomboleza, sauti zote nne. Kasiva akaacha kuomboleza.

"Mutiso! Weka chini hiyo kitu!"

Akavuka jukwaa, akampokonya kikombe, akamwaga juisi dirishani. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mutiso, ambaye maneno yote aliyobakiza yalikuwa ya kufa, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Asante, Mama Mbinya."

Musyoka, aliyeigiza ndugu mwenye sumu, alijaribu kutoka polepole. Kwaya ikamzingira mlangoni mpaka akatubu, na pasta akamwombea, mikono kichwani.

Mbaluka alikuwa ameketi juu ya ngoma, amejishika mashavu.

"Miaka zaidi ya elfu mbili," alisema, "hakuna kwaya imewahi kufanya hivi."

"Pole, mwalimu," Kasiva akamjibu, na alimaanisha. "Lakini mimi siwezi kuimba mtu akifa."

Mwaka uliofuata Mbaluka alitunga mchezo mwingine, akampa Kasiva nafasi ya maiti. Alivumilia dakika nne.